Nafasi ya Vidole Vitatu

Huu mwaka wa ishirini na mbili
Pontiaki ile ya kijani inataka kwenda kushoto.
Aune Hakala huishika kama mtu amshikaye mlevi kiwiko
akimvusha barabara: kwa heshima, bila kumwachia.
Uzungushe usukani upana wa vidole vitatu,
magurudumu bado yanafikiri.

Mjini Hancock, Aprili. Theluji ya mwisho
imejibanza nyuma ya gereji, nyeusi kama makaa.
Mimi nashika taa. Ndiyo kazi yangu: taa,
kikopo cha nati, na kunyamaza.

Injini hakuna aliyewahi kuilaumu.
Farasi mia tatu na hamsini,
wote wamefungwa kwenye mkokoteni
wenye magoti ya bibi kizee.
Ndivyo walivyoyaunda siku zile, asema Aune,
mbio kwanza, kona utajua mwenyewe.

Jeki. Stendi mbili chini ya chasisi.
Springi ina hasira iliyokunjwa;
anaipitishia mnyororo
kabla ya kulegeza mkono wa chini.
"Hii ilimvunja Reino mbavu mbili,"
na jina la marehemu linapita gerejini
kama jirani aliyekuja kuazima spana.

Boljointi haitoki.
Nyundo. Haitoki.
Mafuta, kahawa, nyundo.
Chumvi ya barabarani, vipupwe hamsini,
imekioza chuma kwa chuma,
na ndoa ya kutu haijui talaka,
mpaka puu! inaachia,
na taa inaniponyoka.

Bushi zimepasuka kama visigino.
Tairodi inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.
Na nyuma ya mkono wa juu,
kati ya vile vibati vyembamba vya kunyooshea gurudumu,
anakuta kimoja kisicho cha kiwandani:
kimekatwa kwa mkasi
kutoka kopo la samaki.
Herufi mbili nyekundu bado zinasomeka.

"Kumbe alijua," asema.
"Alijua chasisi imepinda,
akaniambia ni upepo wa ziwani."

Hakulia, msingoje.
Alicheka hadi akakaa sakafuni,
akakifuta grisi kwa kidole gumba,
akakitupia kikoponi mwangu
pamoja na nati zilizostaafu.

Chasisi ikaenda kunyooshwa ng'ambo ya daraja.
Ikarudi. Tukaanza kuvisha:
mikono mipya, myeusi, yenye harufu ya rangi,
springi fupi kwa inchi moja, shokapu za gesi,
na boksi ya usukani iliyokuja na posta,
nzito kama kichwa cha ng'ombe.
Ile ya kale ilidai mizunguko mitano
toka pembe hadi pembe.
Hii, miwili na nusu, imemaliza maneno.

Kila nati anaikaza kwa spana ya kipimo,
akitega sikio lile *tak*.
Pini anazikunja zote upande mmoja,
"ili atakayekuja baada yangu asinitukane."

Jumapili, barabara ya Calumet.
Misonobari huku, misonobari kule,
lami imenyooka kama uzi wa fundi mwashi.
Maili hamsini. Sitini.
Na gari likaanza kwenda kulia.

Nikatazama mtaro ukija upande wangu.
Nikakumbuka kila nati, kila pini, nikajilaumu taa.
Kisha nikaitazama mikono yake:
ilikuwa inavuta.
Kidogo tu, kwa ukarimu, kama ilivyozoea,
ikimzuia mlevi ambaye hayupo tena.

Mazoea yana taabu.
Waliosema hivyo hawakuwahi kuendesha Pontiaki.

Aune naye akaona.
Akarudisha gari katikati,
akafungua viganja taratibu,
akaviinua juu ya usukani kwa upana wa vidole vitatu,
akaanza kuhesabu kwa lugha ya mama yake,
*yksi, kaksi, kolme*,
na gari likaenda. Likaenda tu.

Alifika saba.
Lori la magogo likachomoza mbele,
akashika.